Mafaili ya Mwaka Themanini

"Kumi na Saba, hapa Mnara. Mgeni ametoka?"

"Ametoka. Ana kikapu. Anaelekea kivukoni."

"Asivuke mto."

"Hatavuka."

Amedeus akaizima redio yake ya Motorola, akaitumbukiza ndani ya koti la mvua, akaipa Honda XL mafuta yote iliyoyataka.

Barabara ya Kivukoni ilikuwa imegeuka uji. Ilikuwa saa nne asubuhi, Alhamisi, tarehe kumi na moja Desemba 1997, na mvua za El Niño zilikuwa zimekwisha kula nusu ya bonde. Baiskeli zenye magunia ya mpunga zilisukumwa badala ya kupandwa. Basi moja lilikuwa limelala ubavu pembeni mwa njia, abiria wake wamekaa juu ya mizigo wakila mihogo ya kuchoma kana kwamba ndio mpango wa safari. Amedeus alilipita bila kupunguza mwendo na kuwarushia matope. Nyuma yake mtu alimtukana kwa Kipogoro, tusi refu, lenye ukoo ndani yake.

Kilomita tano.

Tatu.

Mto ukaonekana, mwekundu na mpana kupita kiasi. Pantoni lilikuwa limeanza kuacha ukingo.

Hakusimamisha pikipiki. Aliiacha ianguke yenyewe, akakimbia, akaruka. Buti moja ikatua kwenye chuma, nyingine ikaogelea. Mtu akamdaka kola akamvuta ndani, akamuuliza kama ana haraka ya kufa au ya kufika. Amedeus alimpita. Macho yake yalikuwa yamekwisha kumpata anayemtafuta, amesimama kati ya mbuzi wawili na mashine ya kukoboa, kikapu amekikumbatia kifuani.

Mama Restituta. Miaka hamsini na miwili, mjane, karani wa kampuni ya Haddick Timber. Kwa miezi minne alikuwa akimlisha Amedeus wali na perege kila Ijumaa mchana, akiamini anamlisha Alex, fundi wa kompyuta kutoka Morogoro mjini.

Pingu zilitoka mfukoni kabla ya maneno. Na maneno yalipotoka, yalitoka yale ya siku zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu Mama Restituta, mikono yake ikiwa tayari ndani ya chuma.

Pantoni zima likageuka kuwatazama. Walikuwemo watu wasiopungua arobaini, na karibu nusu yao walisali naye parokia moja. Katekista Tadei alikuwepo. Alimtazama mama yule mara moja, akageuka akawa anaangalia maji.

"Alex," Mama Restituta aliuliza kwa sauti ya chini, "umeangalia kila kitu?"

"Nimeangalia. Nina ushahidi wote, mama. Twende."

Akamwamuru nahodha arudishe pantoni. Akamshusha mama yule mbele ya watu, kikapu amekishika yeye mwenyewe, kifua mbele. Alijisikia vizuri. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba asubuhi ile alijisikia vizuri sana.

* * *

Mnara, ofisi ya usalama iliyomtuma Amedeus, walikuwa wanajua kwamba pembe za ndovu zinatoka bondeni zikiwa ndani ya magogo. Magogo hupasuliwa, hutobolewa tumboni, huzibwa kwa mti uleule na gundi, hupakwa rangi nyekundu na namba kwenye ncha, kisha hupanda treni kwenda bandarini. Ila shehena moja ina magogo mia tatu, na yenye kitu ndani hayazidi ishirini. Polisi walikuwa wamekwisha kupasua mawili kwa kubahatisha, wakapata mbao. Bwana Haddick, mzungu mwenye kampuni, aliwaandikia barua ya malalamiko kwa Kiswahili safi kuliko chao.

Kilichotakiwa kilikuwa orodha ya namba. Orodha ilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi ya Haddick. Kwa hiyo Mnara wakamtuma mtu wao anayejua kompyuta, tena mzaliwa wa Mofu aliyeondoka bondeni akiwa mdogo, asiyekumbukwa na mtu.

Njia ya Amedeus ilikuwa fupi na aliionea fahari. Kila Ijumaa alikwenda kuifanyia mashine ile usafi. Mama Restituta alipotoka kwenda kupasha chakula, Amedeus alichomeka disketi, akaandika mstari mmoja kwenye kioo cheusi:

XCOPY C:\MBAO A: /S /D:09-01-97

Maana yake: nakili kila kilichomo kwenye MBAO, lakini yale tu yaliyoguswa kuanzia tarehe mosi Septemba. Ya zamani yaache. Disketi ni ndogo, muda wa chakula ni mfupi, na fundi hodari habebi takataka. Mashine ilikoroma, ikataja mafaili kumi na manne, siku nyingine kumi na saba. Disketi ikaingia soksini. Mama akarudi na sahani.

Katika disketi zile alikuta vibali vya kusafirisha, barua za kupakia, maombi ya behewa. Vyote vimechapwa na mtu mmoja, vyote vina herufi R chini. Hakukuwa na faili hata moja la Haddick. Amedeus alifikiri siku tatu, kisha akawaandikia Mnara kwa kujiamini kwamba mzungu ni wa kutia sahihi tu, na kwamba kichwa cha mtandao ni karani. Mnara walifurahi. Karani asiye na mwanasheria ni rahisi kumkamata kuliko mzungu mwenye balozi.

Sasa kichwa cha mtandao kilikuwa mahabusu, kimevuliwa viatu.

* * *

Saa saba mchana Inspekta Stanislaus, mkuu wa kituo, alimwaga kikapu mezani. Kanga moja. Hotipoti ya wali. Kitabu cha sala. Kopo la mafuta ya Kimbo.

Ndani ya Kimbo, chini kabisa, kulikuwa na nailoni. Ndani ya nailoni, disketi.

"Alikuwa anakimbia nayo," alisema Inspekta.

Amedeus aliifuta kwa shati, akafungua kompyuta yake ndogo ya Toshiba, akaichomeka. Akaandika DIR.

Mafaili yakaanza kupanda kiooni.

MAGOGO.DBF. SHEHENA.DBF. NAMBA.TXT. Yalikuwa mengi, na majina yake hajawahi kuyaona. Na mbele ya karibu kila moja kulikuwa na tarehe ileile: mosi Januari 1980.

Aliitazama tarehe ile. Mwaka themanini yeye alikuwa darasa la sita, na kompyuta ya Haddick ilikuwa bado haijazaliwa.

Faili moja tu lilikuwa na tarehe ya kweli, ya jana. BARUA.TXT. Akalifungua. Ilikuwa barua kwa afisa wa wanyamapori.

"Kwa Bwana Nyama wa Wilaya, Mahenge. Bwana, mimi ni karani. Tajiri wangu anaingia ofisini saa kumi na mbili asubuhi kabla yetu na kuandika mambo yake peke yake. Juzi niliona amesahau kufunga. Kuna orodha ya magogo yenye pembe, yataondoka Alhamisi saa tisa alasiri. Hapa Ifakara sijui nimwamini nani, maana polisi walikuja wakaondoka. Kuna kijana fundi mwenye tabia nzuri nilitaka kumwambia, nikaogopa kumponza. Nimenakili kila kitu chake bila kuchagua kwa sababu mimi si mtaalamu, sijui kipi ni muhimu. Nitaileta mwenyewe."

Amedeus aliisoma mara mbili. Mara ya pili hakuona vizuri.

Siku yake ya kwanza ofisini, Agosti, mama yule alimwonyesha mashine na kumweleza tabia zake. Alimwambia betri ndogo ya ndani imekufa, kwa hiyo kila ikiwashwa inauliza leo tarehe ngapi, na mtu asipoiambia inarudi zamani. Yeye huiambia kila asubuhi. Amedeus alisema sawa mama, akaendelea kufuta vumbi. Fundi hafundishwi na karani.

Haddick hakuwa mtu wa kuiambia mashine tarehe. Aliwasha, ikamuuliza, akabonyeza Enter, ikamuuliza saa, akabonyeza Enter tena. Kila alichoandika kikazaliwa mwaka themanini. Na kila Ijumaa, mstari ule mfupi wa kujivunia uliyapita mafaili ya mwizi kwa sababu ni ya zamani, ukayachukua ya mama yule kwa sababu alikuwa mwaminifu na tarehe.

Laiti Mama Restituta angekuwa mvivu, asingefungwa.

Masikio ya Amedeus yalipata moto. Alishawahi kupigwa risasi ya paja kule Rusumo na hakusikia kitu kama hiki. Ilikuwa aibu tupu, ile ya kutamani sakafu ipasuke, na mbele yake Inspekta alikuwa anangoja kuambiwa kuna nini.

Akaichukua Motorola.

"Mnara, hapa Kumi na Saba. Nimekamata siye."

"Rudia."

"Karani hana hatia. Mhusika ni Haddick. Orodha ninayo. Shehena inaondoka saa tisa, naomba izuiwe."

"Kumi na Saba, shehena tumekwisha kuipa ruhusa. Kwa maelezo yako mwenyewe, kwamba tajiri hausiki. Mhusika yuko ndani, taarifa imekwisha kufika juu. Usiguse behewa."

"Mama yule anakabiliwa na kifungo cha miaka thelathini."

"Usiguse behewa. Mwisho."

Inspekta Stanislaus alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na busara ya kitambi. Alisema taratibu kwamba konstebo wake aliyepelekwa kulinda ofisi ya Haddick amepiga simu nusu saa iliyopita. Bwana Haddick alikuwepo, mwenye majonzi makubwa kwa usaliti wa karani wake, na alikuwa ameomba kuisafisha kompyuta yake. Konstebo alimruhusu. Kioo kiliandika neno FORMAT, kisha asilimia zikahesabiwa mpaka mia.

Kwa hiyo duniani kote orodha ile ilikuwa imebaki mahali pamoja. Ndani ya plastiki yenye mafuta ya Kimbo.

Saa nane na robo.

Mtu mwenye haraka angeichukua disketi na kukimbia. Nje kulikuwa na mvua, matope na mto, na leo Amedeus alikuwa amekwisha kushiba ujanja wa haraka. Akaitoa. Akasukuma kidirisha kidogo cha kona, kile kinachoizuia disketi isiandikwe juu yake. Akakihakikisha kwa ukucha, mara tatu. Akaandika DISKCOPY.

Mashine ikaomba disketi ya asili. Akaiweka. Ikasoma, ikakwaruza, ikasimama kidogo.

Ikakwaruza tena.

Ikaomba disketi tupu. Akazibadilisha, akiitazama kila moja mara mbili. Mtu akiyakosea hayo mawili, utupu ndio unaonakiliwa juu ya mali. Alikwisha kuwaona wataalamu wakilia kwa kosa hilo, na aliwacheka.

Dakika nne. Ikamaliza. Akazifungua zote mbili, akalinganisha kwa COMP faili baada ya faili, mpaka mashine ikasema ziko sawa. Akanakili namba kwenye karatasi kwa kalamu. Ya asili akampa Inspekta, naye akaifungia kwenye droo ya vielelezo, juu ya misokoto ya bangi.

"Nitoke na askari wangapi?" aliuliza Inspekta.

"Mnara wamekataa."

"Nimesikia. Nimeuliza wangapi."

Walipotoka walipita mbele ya mlango wa mahabusu. Kwenye nondo kulikuwa na mkono umeshika, wenye pete ya ndoa ya shaba. Amedeus alijua anatakiwa kusimama. Akapita akiangalia buti zake.

* * *

Saa nane na dakika hamsini na moja.

Stesheni ilikuwa imejaa mvuke wa mvua. Kichwa cha treni kilikuwa kinanguruma. Mabehewa matatu ya magogo yalikuwa yamefungwa minyororo na lakiri. Bwana Haddick alisimama chini ya paa, koti la turubai, sigara ya Sportsman, Land Rover Defender nyeupe nyuma yake. Kando yake alikuwepo Nikodemu, mlinzi wake, na shotgun ya risasi mbili begani.

Mkuu wa stesheni alisema treni haizuiwi bila maandishi. Inspekta akasema anayatafuta. Mkuu wa stesheni akatoa filimbi.

Amedeus aliipeleka Honda katikati ya reli, mbele ya kichwa cha treni, akaizima. Akaingiza ufunguo mfukoni.

Filimbi ikateremshwa.

"Alex," Haddick aliita kwa upole. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyeishi bondeni miaka kumi na tano. "Asubuhi umenisaidia kumpata mwizi. Mchana umeugua?"

Watu walianza kusogea. Wapagazi, wauza ndizi, abiria wa Mlimba waliokuwa wamelala kwenye magunia. Inspekta Stanislaus akamwangalia Amedeus bila kuficha wasiwasi. Askari wake nao walimwangalia. Ndio walewale waliompokea karani kutoka mikononi mwake saa nne zilizopita na kusikia jinsi alivyokuwa na uhakika.

Kulikuwa na njia nyingi za kulisema jambo lile. Taarifa mpya. Uchunguzi umeendelea. Mnara walimfundisha njia hizo zote.

"Nilikosea," alisema Amedeus. "Nimemfunga mtu asiye na hatia kwa uzembe wangu. Leteni msumeno."

Haddick akacheka, akatupa sigara. Akawaambia wapasue wanachotaka, ila kila gogo watakaloharibu watalilipa. Alijua magogo ni mia tatu. Alijua kompyuta yake ni tupu.

Amedeus alitoa karatasi.

"Hamsini na nane."

Haddick aliacha kucheka.

Msumeno wa Stihl ukawaka. Askari mmoja akaupandisha behewani, wakamsogeza pembeni mkaguzi wa treni, wakakata minyororo. Gogo hamsini na nane lilikuwa la tatu kutoka juu, mninga mnene, lenye ncha nyekundu kama wenzake. Msumeno ukaingia. Vumbi likatoka la kahawia. Likaendelea la kahawia. Haddick akaanza kuwasha sigara nyingine.

Kisha sauti ya msumeno ikabadilika, ikawa kali, na vumbi likatoka jeupe.

"Mia na kumi na mbili," alisema Amedeus. "Mia mbili na tisa."

Nikodemu akaishusha shotgun begani.

Hakuifikisha popote. Bastola ya Amedeus, Makarov, ilikuwa imekwisha kutoka, na risasi moja ikaipasua taa ya Land Rover kando ya goti la mlinzi. Nikodemu aliitazama taa, akalitazama goti lake. Akaiweka silaha chini polepole, akasema yeye ameajiriwa kulinda mbao tu, mengine haelewi, na ana watoto sita Namawala.

Defender ikanguruma. Haddick alikuwa ndani.

"Uwanja wa ndege," alisema Inspekta. "Ana Cessna pale."

Amedeus akairudia Honda.

Zile hazikuwa mbio ndefu. Haddick alikuwa dereva mzuri, gari lilikuwa zuri, lakini aliona njia ya kuelekea uwanjani imekatika kwa maji, akaamua kukatisha mashambani. Miaka kumi na tano bondeni, na bado hakuyajua majaruba ya Desemba. Defender ilikwenda mita themanini kwa kishindo. Ikaenda nyingine kumi kwa unyenyekevu. Kisha ikazama mpaka kwenye milango, magurudumu yakizunguka na kuwarushia tope jeusi wanawake waliokuwa wakipandikiza mpunga.

Wanawake wale walisimama, miche mikononi. Mmoja akauliza nani atalipa kitalu chake.

Amedeus aliiacha pikipiki barabarani, akaingia shambani kwa miguu, polepole, akipita juu ya tuta ili asikanyage mpunga. Haddick alikuwa amefungua dirisha. Hakuwa na pa kwenda.

"Orodha imetoka wapi?" aliuliza Haddick. "Nimefuta kila kitu."

"Karani wako alikuwa na nakala."

"Yule mama? Yule hajui hata kompyuta."

Amedeus alimfunga pingu. Kwa mara ya pili siku ile, zilikuwa pingu zilezile. Mzungu yule alikuwa amemdharau Mama Restituta kwa kiasi kilekile ambacho yeye Amedeus alimdharau.

* * *

Mnara waliwasiliana kabla jua halijazama.

"Kumi na Saba, hongera. Kazi safi. Katika ripoti utaandika kwamba kukamatwa kwa karani kulikuwa mtego wa makusudi, wa kumlegeza Haddick."

"Haukuwa mtego."

"Tunajua. Andika. Na jina lako lisitajwe popote. Jumatatu urudi Dar, kuna cheo kinakungoja."

Mama Restituta aliachiwa jioni ileile. Inspekta alipendekeza apitie mlango wa nyuma, kwa heshima yake. Yeye akauliza asubuhi walimwingizia wapi. Wakamwambia mbele. Akasema basi atatokea mbele. Akavaa viatu, akatoka, lakini mvua ilikuwa kubwa na nje hapakuwa na mtu wa kumwona. Amedeus alikuwa chumba cha pili. Aliisikia sauti yake ikiomba kurudishiwa kopo lake la Kimbo. Alikuwa na hatua sita tu za kwenda kumwomba radhi, na hazikwendeka.

Ijumaa hakutoka nje ya gesti. Aliandika ripoti mbili, moja ya mtego, moja ya kweli. Akazitazama.

Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu ya nyumba ya Mama Restituta kupokea sala ya jumuiya. Alipika uji wa mchele, akapanga vikombe ishirini na vinne. Inspekta Stanislaus ndiye aliyemletea Amedeus habari, kwa sababu mke wake ni mmoja wa waliokwenda. Walikwenda wawili. Wengine walikuwa wameliona pantoni, au wamesimuliwa na walioliona, na ya stesheni yaliposikika mjini yalipata maelezo yake: mzungu kakamatwa, karani katoa kitu kidogo, kaachiwa. Katekista Tadei alisema tusihukumu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuhukumu. Vikombe ishirini na viwili vilibaki vimefunikwa.

Amedeus alichana ripoti ya mtego.

Jumapili ilikuwa ya tatu ya Majilio. Kanisa lilijaa mpaka barazani. Amedeus aliingia wakati wa wimbo wa komunyo, kaunda suti, ndevu zimenyolewa, akasimama nyuma. Alimwona Mama Restituta benchi la nne upande wa wanawake. Benchi lile hukaa watu wanane. Siku ile walikaa wanne, na kati yake na wa pili palibaki nafasi ya mtu mzima.

Baada ya komunyo watu walikaa kusikiliza matangazo. Katekista alisoma ndoa zinazotarajiwa, usafi wa makaburi, michango ya saruji. Amedeus alikuwa ameongea na Padri Remigius alfajiri, akamweleza yote kwa siri ya kitubio kwanza, kisha bila siri. Padri akamwuliza kama anajua atapoteza nini. Alijua. Mtu wa Mnara hana jina. Akishalitaja hadharani, hana kazi.

"Kuna tangazo moja zaidi," alisema Padri.

Amedeus akatembea katikati ya kanisa. Alisikia buti zake mwenyewe. Alikuwa amevuka mipaka usiku na kuingia nyumba za majambazi bila moyo kushtuka, na sasa alikuwa akihesabu mabenchi yaliyobaki.

Akapanda ngazi moja, asipande ya pili.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," likajibu kanisa.

"Mnanijua kama Alex. Si jina langu. Naitwa Amedeus Mkopi, mtoto wa marehemu Fridolin Mkopi wa Mofu. Mimi ni afisa usalama. Alhamisi nilimfunga pingu Mama Restituta kwenye pantoni mbele yenu. Yeye hakuwa mwizi. Alikuwa anapeleka ushahidi Mahenge, peke yake, na mto umejaa. Mimi nilikuwa nausaka ushahidi huohuo miezi minne, nikaukosa kwa kujiona najua. Pembe zilikamatwa kwa kazi yake. Hakutoa rushwa kwa mtu. Alishinda njaa mahabusu kwa muda wa saa nane kwa kosa langu, na mimi nilipita mbele ya mlango wake nikashindwa kumtazama."

Akafuta uso kwa kiganja.

"Nilimwaibisha mbele ya watu. Kwa hiyo naomba radhi mbele ya watu. Mama, nisamehe."

Katekista Tadei alikuwa anaangalia karatasi yake ya matangazo.

Amedeus hakuthubutu kuangalia benchi la nne. Alishuka ngazi, akarekebisha kola, akaanza kuondoka kwa ule mwendo waliomfundisha: mabega wima, hatua sawa, bila kugeuka. Mtu wa Mnara akimaliza kazi huondoka. Nje kulikuwa na Honda ya serikali atakayoirudisha kesho, na baada ya hapo hakujua kuna nini.

Alifika usawa wa benchi la nne.

"Amedeus."

Akasimama. Mama Restituta hakuwa amesimama, wala hakutabasamu. Macho yake yalikuwa mekundu, na hasira ilikuwa bado imo ndani yake, hakuifunika kwa ajili ya mtu. Alisogea kidogo kwenye benchi, ingawa nafasi ilikuwepo tele.

"Unakwenda wapi? Misa haijaisha. Kaa chini."

Upande ule ulikuwa wa wanawake. Kanisa zima lilikuwa linaangalia. Amedeus alikaa, akaweka mikono magotini, akainamisha kichwa, na Padri Remigius akanyanyua mkono kutoa baraka.